Mwenda wa Bayeke: Mtu Mmoja, Gitaa Moja na Ucheshi wa Ukanda wa Shaba

Katika orodha ya waimbaji wa karne ya 20 waliotumia Kiswahili, ni wachache waliofanya mengi kwa vyombo vichache kama Mwenda Jean Bosco, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji ambao leo uko katika mkoa wa Lualaba wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao makao yake makuu ni Kolwezi, na kazi iliyompa sifa aliifanya akiwa peke yake, kwa sauti yake na gitaa lake, bila bendi wala tarumbeta. Wataalamu wa muziki wameandika sana kuhusu vidole vyake, na wana haki ya kufanya hivyo, lakini upande mwingine wa sanaa yake umeachwa nyuma, yaani ucheshi wake, ule wepesi wa kutazama maisha ya mji wa migodi na kuyasema kwa maneno machache yanayomfanya msikilizaji atabasamu kabla hajajua kwa nini. Nyimbo hizo zinastahili kusikilizwa kwa masikio yote mawili, moja kwa ajili ya nyuzi na jingine kwa ajili ya mtu anayeimba.

Bunkeya ilikuwa na historia nzito kabla Bosco hajazaliwa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 ilikuwa makao ya Msiri, mtawala aliyekuja kutoka upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, akafuata njia za biashara ya shaba na pembe za ndovu hadi akajenga dola iliyoitwa Garanganze. Watu wake ndio wanaoitwa Wayeke, au Bayeke kama wanavyojiita wenyewe. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, pale msafara uliotumwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji chini ya Kapteni William Stairs ulipokuja kumtaka akubali bendera ya Dola Huru ya Kongo, naye akakataa. Jina la Mwenda ni mojawapo ya majina ya Msiri mwenyewe, kwa hiyo mwimbaji aliyejitangaza kuwa Mwenda wa Bayeke alikuwa akiwakumbusha wasikilizaji kwamba kijana huyu mwenye gitaa ametoka mahali penye wafalme. Jina la Jean Bosco lilitoka upande mwingine kabisa, kwa padri wa Italia aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1934, mwanzilishi wa shirika la Wasalesiani, ambalo liliingia Katanga, yaani eneo hili la migodi ya shaba, mwaka 1911. Historia ya eneo zima imo ndani ya majina hayo mawili.

Ili kumwelewa Bosco, ni lazima kuielewa jamii iliyomsikiliza kwanza. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, reli ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na kufikia mwaka 1931 njia ya reli kutoka Tenke ilikuwa imepita Kolwezi na kufika Dilolo kwenye mpaka wa Angola. Kampuni ilihitaji watu wengi kuliko vijiji vya jirani vilivyoweza kutoa, hivyo ikawachukua wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilibadili mpango wake na kuwataka waje na wake zao na kukaa miaka mingi katika kambi za kampuni, ambazo wenyeji walizoea kuziita kampi. Humo nyumba, chakula, zahanati, shule na hata mapumziko vilikuwa chini ya macho ya wasimamizi. Watu hawa hawakuwa na lugha moja ya mama, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha kazini, sokoni na nyumbani, kikapata umbo lake la Katanga lenye sauti na maneno yake, umbo ambalo mwanaanthropolojia Johannes Fabian alilichunguza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni. Hiki ndicho Kiswahili alichokiimba Bosco: cha kampi na cha mtaa, chepesi, kisichojali sarufi ya Unguja, na chenye uwezo mkubwa wa kuchekesha.

Gitaa lenyewe lilikuwa chombo cha mji. Lilikuja kupitia maduka na wafanyakazi wahamiaji, na vijana walilipenda kwa sababu mtu mmoja aliweza kulibeba begani, kulipiga barazani jioni, na kwa nyuzi sita tu akatoa besi, maelewano ya sauti na kiitikio. Mwenzake akipatikana, aligonga au kukwaruza chupa tupu ili kushika mapigo, na huo ukawa mtindo wa kawaida katika ukanda wa shaba na baadaye hadi Kenya. Wakati huohuo santuri ziliwaletea watu sauti za mbali. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice iliuza Afrika mfululizo wa santuri ulioitwa GV, ambao ulijaa muziki wa Kuba, ukiwemo ule wa Trio Matamoros, kundi la watu watatu wa Santiago waliopiga magitaa na kuimba kwa utulivu. Filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani nazo zilileta sura ya mwanamume anayetembea na gitaa lake. Bosco alizisikia na kuziona hizo zote, akazichanganya na ngoma na nyimbo za kwao. Kilichopatikana hakikuwa cha Kuba wala cha Texas, na mtu yeyote aliyekulia Katanga akikisikia hutambua mara moja kimetoka wapi.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na aliyezunguka bara hili akinasa nyimbo kwa mashine zake, alifika Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo, na huko akamrekodi Bosco, ambaye alikuwa na umri wa miaka 22 hivi. Miongoni mwa nyimbo zilizonaswa ulikuwemo "Masanga". Mwaka huohuo ulipewa nafasi ya kwanza katika tuzo za Osborn, zilizotolewa kwa muziki bora wa Kiafrika wa mwaka, na kampuni ya Gallo ya Johannesburg ikautoa chini ya nembo yake ya Gallotone. Santuri za siku hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja haukuweza kubeba zaidi ya dakika tatu hivi, kwa hiyo mwanamuziki alilazimika kusema yake upesi na kunyamaza. Bosco alikuwa kama aliyezaliwa kwa kipimo hicho. Hakuna sekunde inayopotea katika "Masanga", na bado wimbo haukimbii.

Inafaa kueleza kinachotendeka ndani ya wimbo huo, kwa sababu ndipo werevu wake unapoonekana kwanza. Bosco alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba hushika nyuzi nene na kutoa besi inayokwenda bila kuyumba, huku kidole cha shahada kikicheza sauti ya juu inayoingia kabla au baada ya pale sikio linapoitarajia. Anayesikia bila kuona hudhani kuna wapigaji wawili. Zaidi ya hayo, Bosco harudii kifungu kimoja mwanzo hadi mwisho kama walivyofanya wapigaji wengi wa wakati wake: ana vifungu kadhaa, kila kimoja na sura yake, naye huvipanga, huvikata, hukiacha kimoja nusu njia na kukirejea baadaye kikiwa kimebadilika kidogo. Mtaalamu David Rycroft alivutiwa na jambo hili kiasi cha kuchapisha uchambuzi mrefu katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, akiziandika noti za Bosco moja baada ya nyingine ili kuonyesha jinsi anavyobuni papo hapo. Ilikuwa heshima kubwa kwa mpigaji wa mtaani wa miaka ile, na bila shaka ilimstahili.

Hata hivyo noti zilizoandikwa kwenye karatasi hazionyeshi kwamba nyimbo hizi zinachekesha. Ucheshi wa Bosco hauko katika kuvunja mbavu. Unaanza na majina yenyewe ya nyimbo: "Watoto Wawili", "Tambala Moja", "Kijana Muke", "Mama na Mwana". Haya ni mambo madogo, ya kuhesabika, yanayoenea mkononi, na yanatajwa katika eneo ambako kila kitu kilipimwa kwa tani na kila jengo lilijengwa ili mtu ajione mdogo. Mwimbaji anayechagua kuimba kuhusu kitambaa kimoja mbele ya mashimo ya machimbo na mabomba ya viwanda amekwisha kusema jambo kuhusu kile anachokithamini. Kisha kuna sauti yake, laini, isiyopanda sana, ambayo hulitaja jambo zito na jambo jepesi kwa utulivu uleule, na utulivu huo ndio unaomfikia msikilizaji kama utani. Palipo na malalamiko ya mapenzi, waimbaji wengine wangelia. Bosco huyasema kama jirani anayeleta habari, kisha huliachia gitaa kazi ya kujibu.

Hapo ndipo ufundi wa vidole na ucheshi vinapokutana, na ndiyo sababu si sahihi kuvitenganisha. Gitaa la Bosco halimsindikizi mwimbaji kwa maana ya kumfuata nyuma. Linamwitikia, linamkatiza, na wakati mwingine linaonekana kumpinga. Mstari wa sauti unapokwisha, kidole cha shahada huingia na kifungu kifupi kinachoruka juu, kama mwenzi wa utani aliyekuwa akingojea zamu yake. Waswahili na jamii nyingi za bara wanaifahamu desturi ya utani, ambapo watu wa makabila au koo fulani wana ruhusa ya kutaniana bila kukasirikiana, na katika kampi zilizokusanya watu wa asili nyingi utani ulikuwa njia mojawapo ya kuishi kwa amani. Muziki wa Bosco una mwendo huohuo wa kusema na kujibiwa, ila yeye alizicheza pande zote mbili. Kwa mtazamo huu, kupiga peke yake kulikuwa ni uchaguzi wenye faida kubwa, kwa sababu hakuna bendi ambayo ingeweza kujibizana na mwimbaji kwa wepesi wa mkono wake mwenyewe.

Tena Bosco hakuwa mcheshi pekee wa ukanda wa shaba. Élisabethville ilikuwa na kundi la Jecoke, vijana wachekeshaji wa mtaa wa Kenya mjini humo, na baadaye Lubumbashi ikapata kundi la maigizo la Mufwankolo, ambalo kwa miaka mingi liliwachekesha watu wa Katanga kwa Kiswahili chao wenyewe. Katika upigaji wa gitaa walikuwepo pia Losta Abelo na Édouard Masengo, ndugu yake Bosco, wote wakiimba kwa Kiswahili. Anayewasikiliza kwa pamoja atatambua kwamba ulikuwepo utamaduni mzima wa kuyatazama maisha ya mji kwa jicho la kucheka. Bosco anabaki juu yao kwa uchache wa maneno yake: Masengo ana mvuto na Abelo ana joto, lakini Bosco peke yake ndiye anayeweza kunyamaza kwa wakati unaofaa.

Upo mkutano mmoja wa kihistoria ambao wapenzi wa muziki wa roki wa Uingereza wangefurahi kuujua. Kampuni ya Gallo haikuuza santuri tu. Ilitengeneza pia magitaa ya bei nafuu nchini Afrika Kusini kwa nembo ileile ya Gallotone, na baadhi yake yaliuzwa hadi Uingereza. Gitaa mojawapo la aina hiyo, lililoitwa Gallotone Champion, lilikuwa la John Lennon alipokuwa kijana wa Liverpool, na ndilo alilolipiga pamoja na kundi lake la The Quarrymen tarehe 6 Julai 1957, siku alipokutana na Paul McCartney. Lennon alikuja kuwa mmojawapo wa waimbaji wenye maneno makali na ya kuchekesha kuliko wote wa kizazi chake, na baada ya The Beatles kuvunjika aliendelea kwa jina lake mwenyewe. Haidaiwi hapa kwamba aliwahi kumsikia Bosco. Ila ni haki kusema kwamba miaka mitano kabla ya siku ile ya Liverpool, nembo hiyohiyo ilikuwa imekwisha kubeba sauti ya kijana wa Bunkeya, aliyefanya kwa Kiswahili kile ambacho vijana wa Uingereza walikuwa wakijifunza kukifanya kwa Kiingereza, yaani kuyageuza mambo ya mtaani kwao kuwa wimbo kwa msaada wa gitaa la kawaida.

Mahali ambapo athari ya Bosco inaonekana wazi ni Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikaa Nairobi kwa muda, akasikika redioni, na Masengo naye akafanya makazi katika mji huo. Santuri zao zilikuwa zimewatangulia, na wimbi lililofuata liliwagusa hasa wapigaji wa magharibi mwa Kenya. George Mukabi, bingwa wa mtindo wa Waluhya uitwao omutibo, pamoja na John Mwale, ni miongoni mwa majina makubwa ya kizazi kilichopiga kwa vidole viwili, gumba likishika besi na shahada ikiimba, huku chupa ikigongwa pembeni. Mtafiti na mpigaji John Low, aliyeandika historia ya gitaa la Kenya, alivutiwa na nasaba hiyo hadi akasafiri Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba, kuwatafuta walimu wenyewe, na kitabu chake cha safari hiyo kilitoka mwaka 1982. Kwamba wimbo uliorekodiwa Likasi ulieleweka Kakamega bila mkalimani ni ushahidi mzuri wa kile ambacho Kiswahili kinaweza kufanya.

Umaarufu ulimfikisha mbali zaidi. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport nchini Marekani, tamasha ambalo mwaka 1963 lilimpokea Mississippi John Hurt, mzee wa bluzi aliyerekodi mwaka 1928, akasahauliwa na kampuni za santuri, kisha akapatikana tena akiwa mkulima. Kuwataja pamoja kuna maana, kwani Hurt naye alishika besi kwa gumba bila kuyumba, akaimba kwa sauti ya chini, na ucheshi wake ulikuwa wa mtu asiyehitaji kupaza sauti ili asikilizwe. Wasikilizaji wa Newport walikuwa wamezoea kusikia uzuri wa namna hiyo. Walichokikosa ni lugha, na bila lugha nusu ya Bosco haipo.

Huu ndio upungufu mkubwa katika namna anavyokumbukwa. Rekodi za Tracey zimehifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha mwaka 1954 na ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda, Afrika Kusini, na baadhi zimetolewa upya kwenye diski na kampuni ya SWP ya Uholanzi, katika mkusanyo wa gitaa la kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia wa miaka ya 1950 hadi 1958. Wapigaji wa Ulaya na Marekani wanaijua "Masanga" kwa vidole na huifundisha. Wenye uwezo wa kuifahamu kwa maneno, yaani watu wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, na kwa kiasi kikubwa Waswahili wengine wote, ndio ambao ni nadra kuandika kuihusu, na uchambuzi wa nyimbo hizi kama ushairi wa Kiswahili unahitajika zaidi kuliko uchambuzi mwingine wa besi zake.

Baadaye maisha ya muziki yalibadilika. Rumba ya Léopoldville, inayoitwa Kinshasa leo, ilienea kwa magitaa ya umeme na bendi kubwa, Union Minière ikataifishwa na kurithiwa na Gécamines mwaka 1967, na mpiga gitaa wa pekee akaanza kuonekana kama mtu wa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Rais Mobutu aliwataka Wakongo, walioitwa Wazaire siku hizo, waache majina ya Kikristo, hivyo Jean Bosco akabaki Mwenda wa Bayeke. Aliendelea kupiga na kuongoza bendi ya umeme. Ni vigumu kuipenda kazi hiyo ya bendi kama ile ya awali, kwa sababu kelele ya wengi iliyafunika yale majibizano madogo ambayo ndiyo yaliyokuwa sanaa yake. Mwaka 1982 alialikwa Ujerumani, ambako alipiga tena akiwa peke yake, na mwishoni mwa miaka ya 1980 alirekodi albamu huko Cape Town, Afrika Kusini. Mnamo Septemba 1990 alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia, akiwa na umri wa miaka 60 hivi.

Anayetaka kumfahamu aanze na rekodi za miaka ya 1950 kabla hajaifikia albamu ya Cape Town. Katika zile za kwanza kuna kasi na ujasiri wa kijana ambaye hajui bado kwamba anaanzisha shule, na kila kifungu kinaingia kama wazo lililozaliwa dakika hiyo. Katika hizo za mwisho mkono umekuwa mzito kidogo na sauti imepata mikwaruzo, lakini nyimbo zinapewa nafasi ya kupumua ambayo santuri ya dakika tatu haikuiruhusu. Bosco wa makamo hujipa muda kati ya neno na neno, na utani ambao zamani ulipita haraka sasa unaachwa ukae mpaka umfikie anayesikiliza.